King'ora Kikilia, Mtazamaji Aende Wapi?

Barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya gofu ya kulipwa Afrika Mashariki, na kwa kamati za vilabu vinavyoyapokea

Waheshimiwa,

Nina ombi moja kubwa, na nalitanguliza ili hata asiye na nafasi ya kuimaliza barua hii alipate. Kwenye mashindano yenu yajayo, mtazamaji aonywe kuhusu radi mapema kuliko mchezaji, na tangu anapopita langoni ajulishwe ni wapi atajikinga. Mengine nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Mvua yenyewe hatuilalamikii. Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978, miaka hii huchezwa Februari au Machi, masika yakiwa yanabisha hodi, na anayekuja uwanjani wakati huo bila mwavuli amejitakia. Tena mvua hutuonyesha gofu ambayo jua huificha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali kuliko unavyoruka pwani, na uwanja ukiwa mkavu hutua na kuendelea kukimbia. Mvua ikinyesha, mpira hutua na kukaa papo hapo, pengine umezama nusu kwenye udongo. Shimo ambalo jana lilimalizwa kwa fimbo fupi leo linadai fimbo ndefu, na mchezaji aliyekuja na hesabu za jana anaumbuka.

Hapo ndipo utaona kedi mzuri anavyoustahili ujira wake. Taulo kavu ameitundika ndani ya mwavuli, kwenye vyuma vyake, isiguswe na tone. Taulo nyingine ni ya kufutia mpira. Glavu za akiba ziko mfukoni, mfuniko wa mfuko wa fimbo unafunguliwa na kufungwa kila mkwaju, na mwavuli unapita kutoka mkono hadi mkono bila neno kusemwa. Wengi wa wanagofu wetu wa kulipwa walianza kazi hiyo ya ukedi wakiwa vijana, na ukiwatazama siku ya mvua utatambua kwamba waliujua uwanja kwanza kwa miguu na mabega. Nimesimama na watu kando ya grini kwenye manyunyu, wengine wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, na hapakuwa na aliyetaka kuondoka kabla kundi la mwisho halijapita. Mwaka 2019 huko Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, Shane Lowry alishinda The Open kwa mikwaju 6 katika raundi ya mwisho iliyopigwa na mvua na upepo, na waliohudhuria juma hilo walikuwa 237,750. Watu hawakimbii mvua wakiwa na kitu cha kutazama.

Radi ni jambo jingine kabisa, na sheria za mchezo zinalijua hilo. Kanuni ya 5.7 ya gofu inamruhusu mchezaji kusimama mwenyewe akiwa na sababu ya kuamini kwamba radi inamhatarisha, hata kama kamati haijatamka lolote. Kamati yenyewe ikiona hatari, hupigwa mlio mmoja mrefu wa king'ora. Tangu hapo hakuna mkwaju mwingine, hata mpira ukiwa umebakiza upana wa kiganja kuingia shimoni, na anayekaidi anaondolewa mashindanoni. Milio mitatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida, kwa mfano giza linapoingia. Aliyekwisha kuanza shimo anaweza kulimaliza. Milio miwili mifupi ni ruhusa ya kurejea. Utaratibu huu ni mwepesi na umenyooka. Tatizo ni kwamba wanaoufahamu ni wale walio ndani ya kamba. Nje ya kamba, wengi wetu tukisikia mlio mrefu tunadhani ni gari la wagonjwa linapita barabarani.

Sasa tupige hesabu pamoja, kwa sababu ombi langu limesimama juu ya hesabu hii. Sauti ya ngurumo huchukua sekunde zipatazo 3 kusafiri kilomita 1. Ukiona mmweko, ukahesabu, na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi imepiga ndani ya kilomita 10 kutoka ulipo, nawe tayari umo katika eneo la hatari. Wingu linalosafiri kilomita 30 kwa saa linazimaliza hizo kilomita 10 kwa dakika 20. Na halilazimiki kufika juu ya kichwa chako: radi inaweza kuruka kilomita 15 kutoka kwenye mvua iliyoizaa na kupiga mahali ambapo bado kuna jua.

Wakati huo mtazamaji yuko wapi? Shabiki wa kandanda ameketi mahali pamoja, na mlango aliouingilia anauona. Sisi tumetawanyika kwenye mashimo 18 ambayo, kwa kuhesabu mashimo peke yake bila njia za katikati, yana urefu wa zaidi ya kilomita 6. Tunatembea kwa miguu. Kati yetu kuna wazee waliokuwa wanachama wa vilabu tangu ujana wao, kuna kina mama wenye watoto mgongoni, kuna wanafunzi waliokuja na walimu. Kutoka shimo la mbali hadi jengo la klabu, kwenye udongo mwekundu ulioloa, mtu wa miaka sabini atatumia dakika 20 akijitahidi. Mchezaji yeye anafuatwa na gari mahali alipo. King'ora kilichopigwa kwa kupima mwendo wa gari hilo kinatufikia sisi tukiwa tumekwisha kuchelewa.

Hata wenye vifaa vyote wamelionja hili. Tarehe 24 Agosti 2019, kwenye Tour Championship ya Marekani katika uwanja wa East Lake, Atlanta, mchezo ulisimamishwa saa 10:17 jioni kwa sababu ya radi. PGA Tour huwa na mtaalamu wa hali ya hewa uwanjani, kwa hiyo si kwamba walikosa habari. Saa 10:45 radi ilipiga mti, na vipande vyake vikawajeruhi watu 6. Wote walipona. Lakini tazameni saa zile: dakika 28 baada ya mchezo kusimama, watazamaji walikuwa bado wako wazi, karibu na miti. Mashindano yenye fedha kiasi kile yalifanikiwa kuwaondoa wachezaji hatarini na yakashindwa kuuondoa umati kwa wakati. Kwangu, hilo ndilo somo la kutoa maonyo mawili, la kwanza likiwa letu.

Waliotangulia kulipa gharama walilipa kwa maisha. Mwaka 1991 uliihuzunisha gofu mara mbili. Juni 13, siku ya kwanza ya US Open kwenye uwanja wa Hazeltine, jimbo la Minnesota, watazamaji 6 walijibanza chini ya mti karibu na tii ya 11. Radi iliwapata wote, na mmoja akafariki. Agosti mwaka huohuo, kwenye PGA Championship iliyochezwa Crooked Stick, jimbo la Indiana, mtazamaji mwingine alipigwa na kufa kwenye eneo la maegesho, mchezo ukiwa umesimamishwa. John Daly alishinda mashindano yale, na katika zawadi yake akatoa dola 30,000 kwa ajili ya elimu ya mabinti wa marehemu. Nalitaja tendo hilo kwa heshima. Nalitaja pia kwa sababu marehemu yule hakuwa amepuuza onyo. Mchezo ulisimama naye akaondoka, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya.

Mtaniambia kwamba hayo ni ya Marekani. Waheshimiwa, radi ni zetu zaidi kuliko ni zao. Ziwa Victoria na nchi zinazolizunguka ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi mno, na kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Nandi mvua ya mawe ni mgeni wa kila msimu. Mwaka 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 watu wasiopungua 15 walikufa kwa radi kanisani, wilaya ya Nyaruguru, Rwanda. Geita, Tanzania, shule zimewazika watoto kwa sababu hiyo hiyo. Kuna shirika lenye makao yake Kampala, ACLENet, linalofanya kazi ya kuweka vizuia radi kwenye shule na kuwafundisha watu namna ya kujikinga, na Runyanya ni mojawapo ya shule lilizozifikia. Nchi zetu zina viwanja vya gofu Entebbe, Kampala, Kisumu, Kericho, Arusha na Nairobi. Haiwezekani tuwe na hofu ya radi shuleni na kanisani halafu tuisahau tukifika kwenye nyasi zilizonyolewa, ambapo mtu aliyesimama katikati ya uwanja ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka.

Niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Sitataja mashindano wala klabu, kwa kuwa shabaha yangu si kumshtaki mtu. Ilikuwa alasiri ya raundi ya tatu, na nilikuwa na wanafunzi wangu wa darasa la nane. Wingu lilikuwa limeinuka tangu saa saba upande wa mashariki, jeusi chini, jeupe juu kama pamba. Ngurumo ya kwanza tuliisikia tukiwa karibu na grini ya mbali kabisa na klabu. Mchezo uliendelea kidogo. Kisha king'ora kikalia, mlio mmoja mrefu, na wachezaji watatu wakaweka alama zao, wakaacha kila kitu, wakapanda gari pamoja na makedi wao. Yalikuwa mambo ya dakika chache, na yalifanywa kwa ustadi.

Tuliobaki tukatazamana. Kijana wa kujitolea aliyekuwa ameshika kibao cha kuomba kimya nilimuuliza twende wapi. Alikuwa na umri wa kuwa mwanafunzi wangu. Akaniambia, "Mwalimu, hata mimi sijaambiwa." Watu wakafanya wanachofanya watu wote mvua inaponyesha: wakakimbilia chini ya mikaratusi. Mkaratusi ni mrefu, umesimama peke yake, mizizi yake iko juujuu. Ukipigwa, umeme unaweza kuruka kutoka kwenye shina hadi kwa mtu aliye karibu, na unasambaa ardhini kwa wote walioizunguka mizizi. Ndivyo ng'ombe wanavyokufa kundi zima chini ya mti mmoja. Niliwakataza watoto, tukaanza kutembea kuelekea klabu, tumeikunja miavuli na kuachiana nafasi, tumeloa mpaka kwenye mifupa. Wengine walijazana kwenye hema la vinywaji, wakidhani turubai ni paa. Wengine walikaa chini ya jukwaa la vyuma.

Tulipofika kwenye jengo la klabu, bawabu alisimama mlangoni na kuniuliza kadi ya uanachama. Alikuwa mtu mwenye adabu, na uso wake ulionyesha kwamba swali lile halikumpendeza hata yeye. Alikuwa ametumwa kulinda mlango, na hakuna aliyempa ruhusa ya kuufungua. Tulisimama kwenye ukumbi wa nje mpaka mama mmoja mwanachama alipotoka na kutuingiza. Hakuna aliyeumia siku ile. Nilirudi nyumbani nikifikiria yule kijana wa kibao, kwamba tulimwacha kule kule, na mimi mwalimu sikumwambia aje nasi.

Kwa hiyo nayaomba haya, na yote yako ndani ya uwezo wenu.

Mlango wa klabu ufunguliwe. Ngurumo ikisikika, bawabu awe na amri ya kamati, iliyoandikwa, ya kumruhusu kila mtu aingie bila kuulizwa kadi wala kukaguliwa kola ya shati. Mabanda ya makedi, maghala ya mashine, ofisi, chumba cha kuhifadhia fimbo: jengo lolote lenye kuta, paa kamili, nyaya na mabomba ndani yake ni kinga, na mafundi wanaweza kuliwekea vizuia radi. Wanachama wa vilabu ni watu wakarimu ninaowafahamu. Sidhani yupo atakayenung'unika kwa matope kwenye zulia akijua yametoka kwa mtoto aliyeponea pale. Na kwa wale wanaohitaji sababu ya kisheria, Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Sura ya 34, inayomtaka achukue tahadhari ya kawaida ili mgeni aliyealikwa awe salama. Sisi ni wageni mliotualika.

Jengo la klabu halitutoshi sote wala haliko karibu nasi sote, na hapa nchi zetu zina dawa ambayo wengine wangelazimika kuinunua. Gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni mahali salama: radi ikilipiga, umeme hupita kwenye bodi na kushuka ardhini, na aliye ndani asiyegusa vyuma hudhurika mara chache sana. Kigari cha gofu hakifai hata kidogo, wala hema, wala jukwaa. Matatu inafaa. Basi la shule linafaa zaidi, linabeba watu zaidi ya hamsini, na Jumamosi na Jumapili limeegeshwa halina kazi. Kodisheni mabasi hayo. Yawekeni karibu na mashimo ya mbali, dereva akiwa ndani, na juu ya kila basi bandikeni kibao kikubwa chenye maneno matatu: KINGA YA RADI. Nawahakikishia kwamba shule nyingi zingekubali kwa gharama ya mafuta na tiketi chache za wanafunzi.

Kuhusu onyo lenyewe: wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake siku nzima ni kutazama anga na mitambo, asiye na jukumu jingine. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina makao yake Dagoretti Corner, kwenye Barabara ya Ngong, si mbali na viwanja vyetu vya Karen. Mwombeni mtaalamu wao aketi nanyi juma zima. Yeye akiona radi inakaribia, wacheni wachezaji waendelee kwanza, lakini sisi tuambiwe tuanze kusogea. Bendera ya njano ipandishwe kwenye kila tii, vijana wa kamba watangaze kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ujumbe utumwe kwenye simu. Mnapotuuzia tiketi kwa simu, namba zetu mnazo. Atakayependa kubaki atabaki kwa hiari yake akijua analofanya. Kisha mlio mrefu ukilia, utawakuta wazee na watoto wako ndani tayari. Na tusiruhusiwe kutoka mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, kwa maana wengi hupigwa wakati mvua imepungua na wanadhani mambo yamekwisha.

Vijana wa kujitolea wafundishwe kabla ya mashindano, hata kwa nusu siku, na wao wawe wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya wanaohitaji kinga. Msalaba Mwekundu una walimu wa huduma ya kwanza. Jambo moja wafundishwe bila kukosa, kwani kwetu wengi wanaliamini kinyume: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Mara nyingi kinachomuua ni moyo kusimama, na mtu anayejua kukikandamiza kifua kwa dakika za mwanzo anaweza kumrudisha. Nimesikia hadithi za watu walioachwa wamelala kwa sababu walio karibu waliogopa kuwagusa, na kila nikizikumbuka naumia.

Sasa ratiba. Nairobi, wakati wa masika, joto hujengeka tangu asubuhi na mvua huanguka alasiri. Kisumu nako ni hivyo, alasiri kuelekea jioni. Entebbe mara nyingi mambo hugeuka, ngurumo zikatoka ziwani alfajiri na asubuhi. Haya si siri; mvuvi na mkulima wanayajua. Lakini wikendi viongozi wa mashindano huanza kucheza karibu na adhuhuri, na hufika mashimo ya mwisho saa tisa au saa kumi, umati wote ukiwa nyuma yao, katika saa zile zile ambazo anga la Nairobi huwa na hasira. Najua Nairobi iko mbele ya London kwa saa 3 majira hayo ya mwaka, na kwamba televisheni ina matakwa yake. Hata hivyo wakubwa wamekwisha kulifanya hili. Aprili 14, 2019, huko Augusta, utabiri ulipoonyesha mvua ya ngurumo, raundi ya mwisho ya Masters ilianza asubuhi, vikundi vya watatu watatu, kutoka tii mbili, na Tiger Woods akavaa koti la kijani la mshindi mapema alasiri. Julai mwaka ule ule Portrush nao waliisogeza mbele raundi ya mwisho ya Lowry. Televisheni za dunia zilifuata. Zitafuata na kwetu.

Tiketi nitazigusa kwa ufupi. Siku iliyoharibika kwa radi isihesabiwe kuwa hasara ya mtazamaji, maana hiyo ndiyo inayomfanya abaki chini ya mti akisubiri thamani ya pesa zake. Tiketi ya Alhamisi iliyokatizwa ifae Ijumaa. Mashindano yakivuka hadi Jumatatu, kama Ryder Cup ilivyovuka mwaka 2010 kule Celtic Manor, Wales, kwa mvua, aliyelipia Jumapili aingie. Aprili 2025 Augusta ilifunga mazoezi ya Jumatatu kwa sababu ya mvua ya ngurumo, na waliokuwa na tiketi wakarudishiwa fedha zao. Mtu anayejua kwamba hatapoteza ataondoka akiambiwa aondoke.

Na miti. Viwanja vyetu vizuri ni vizuri kwa sababu ya miti yake, na sitaki hata mmoja ukatwe bure. Ila Aprili 7, 2023, upepo uliangusha misonobari mikubwa karibu na tii ya 17 ya Augusta, watu wakiwa wameketi pale pale kwenye viti vyao, na wakaponea chupuchupu wote. Udongo ukishiba maji, mti uliosimama imara miaka mingi unaweza kung'oka kwa upepo wa kawaida. Mtaalamu wa misitu apite kwenye kila njia ya watazamaji kabla ya mashindano, na kamba zivutwe mbali na miti atakayoitilia shaka. Akimaliza, tandazeni maranda ya mbao au nyasi kavu kwenye miteremko, maana udongo mwekundu ukiloa huangusha watu wazima wakavunjika nyonga.

Nimezipigia hesabu gharama za haya kichwani mara nyingi. Mabasi machache, bendera, vibao, posho ya mtaalamu, mafunzo ya nusu siku. Yakiwekwa kando ya fedha za zawadi na za maandalizi ya juma moja la gofu ya kimataifa, ni kidogo. Kilicho kigumu ni kukubali kwamba mtazamaji ni sehemu ya mashindano, kama mchezaji na kedi wake, na kwamba usalama wake haumalizikii kwenye kukaguliwa mfuko langoni.

Nitawaleta wanafunzi tena msimu ujao. Wawili kati yao wameanza kujifunza gofu kwa fimbo za kuazima, na hawajawahi kumwona mchezaji wa kulipwa kwa karibu zaidi ya walivyomwona siku ile ya mvua. Hadi leo wanabishana juu ya mkwaju mmoja uliopigwa kutoka kwenye maji kabla ya king'ora. Tukifika langoni, kabla ya kuuliza nani anaongoza, nitamuuliza atakayepokea tiketi zetu king'ora kikilia twende wapi. Nawaomba mhakikishe amefundishwa jibu.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu na mtazamaji wa gofu,
Nairobi